Waya wa Kufika Mtoni

Siku Tahsin aliponiletea habari kwamba amenunua basi dogo la shule, lenye miaka ishirini na mbili na harufu ya watoto waliotapika, nilimwambia akalale humo humo. Nikamrushia na blanketi. Sikujua kwamba namchochea. Mume wangu alifanya kazi ya umeme kwenye karakana ya reli hapa Eskişehir kwa miaka thelathini na moja, na tangu astaafu alikuwa anazunguka nyumbani akikaza skrubu ambazo hazijalegea. Mtu wa namna hiyo ukimpa basi, umempa sababu ya kuamka.

Lakini basi hakulinunua kwa ajili yake mwenyewe. Alilinunua kwa ajili ya mama yake.

Mama Nazife, mama mkwe wangu, ana miaka themanini na mitatu na mapafu yaliyochoka. Alikuwa na miaka minne hajashuka ngazi za jengo letu. Anaishi kwa mrija: mrija mwembamba unaopita chini ya pua, unazunguka masikio, kisha unaburuzika sakafuni hadi kwenye mashine ya oksijeni inayokoroma kwenye kona usiku na mchana. Mashine ikizimika, midomo yake huanza kugeuka rangi ya biringanya. Kwa hiyo safari yake ndefu kabisa ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kochi la dirishani, na kila baridi ilipokwisha na miti kuchipua, alikaa hapo dirishani akasema jambo moja tu: "Sasa samaki wanapanda."

Kwao ni Erciş, mashariki kabisa, kwenye Ziwa Van. Maji ya ziwa lile ni ya magadi, unafulia nguo bila sabuni, na samaki wanaoyaweza ni wa aina moja. Mwezi wa tano na wa sita samaki hao huyaacha magadi na kupanda mito ya maji matamu kwenda kutaga. Mama alipokuwa msichana alisimama mtoni nao wakamgonga miguu. Alitaka hilo tu, kutia miguu mtoni mara moja tena. Hakuomba dawa, wala hakuomba Makka, alikokwisha kwenda. Alitaka miguu mtoni.

Tahsin alilifumua basi likabaki mabati matupu. Miaka miwili sikuwa na mume, nilikuwa na miguu miwili inayochungulia chini ya gari. Juu ya paa aliweka sola, chini ya benchi akapanga betri nne, na pembeni yake akafunga inveta, kile kidude kinachougeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani ili mashine ya Mama ipate kula. Alitengeneza jiko, friji ndogo, tangi la maji, kitanda kinachoinuka kwa mpini. Ukutani alipigilia vijiti vya kuning'iniza mrija, mtu asije akaukanyaga.

Lilipokwisha akaniita niingie. Nilikuwa nimejiandaa kukosoa, maana hiyo ndiyo kazi yangu katika ndoa hii. Nikaona mbao za mkunazi zilizounganishwa hata ukucha haupiti, droo zinazofungika bila sauti, halafu nikaona dirisha. Dirisha la upande wa kitanda lilikuwa chini kuliko mengine. Alikuwa amelikata bati la basi na kuliteremsha dirisha viganja viwili, ili mama yake akilala aone barabara bila kuinua kichwa. Nikatafuta cha kukosoa, nikakosa. Mimi si mtu wa kukosa la kukosoa, waulize majirani.

"Na spea?" nikasema mwishowe, ili nisilie.

"Ninayo spea ya kila kitu. Fyuzi, mikanda, pampu ya maji, taa."

"Na ya hicho kidude?"

"Hicho hakifi."

"Kila kitu kinakufa, Tahsin."

"Mwanamke, hicho ni kipya! Nimekifunga kwa mkono wangu."

Ndivyo alivyo. Hajawahi kuazima hata bisibisi. Akishikwa na shida hatamwambia mtu, ataifungua, ataisafisha, ataifunga tena.

Siku ya kuondoka jengo zima lilishuka kutuaga. Kwetu msafiri humwagiwa maji nyuma yake, aende kama maji na arudi kama maji, na kila mtu alikuja na chombo chake: jagi, sufuria, hata birika la chai. Wifi yangu Mürüvvet, dada yake Tahsin, anakaa ghorofa ya tatu na magoti yake hayataki ngazi. Akatokea kwenye roshani na beseni zima. Tahsin alikuwa ameacha dirisha la paani wazi, harufu ya vanishi ipate kutoka. Tulisikia kishindo juu yetu. Watu wakacheka sana.

"Nyinyi mmebarikiwa mara mbili!" Mürüvvet akapiga kelele.

Tulipotoka mjini niliona godoro la benchi limelowa. Nikalianika dirishani, likakauka, nikalirudisha. Kilichokuwa chini ya benchi hakikunijia akilini hata kidogo. Ninaposimulia sasa nahisi aibu.

Tulikwenda polepole, siku nne, tukipokezana usukani. Nimeishi miaka hamsini na sita katika nchi hii nikidhani naijua kwa sababu naiona kwenye utabiri wa hali ya hewa. Mlima wa Kayseri ulitokea asubuhi na theluji yake, ukakaa kwenye kioo cha mbele masaa mawili bila kusogea, nami nikaogopa kuongea kwa sauti. Tulivuka mto Fırat, mpana na wa kijani, na Mama akasoma dua kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho. Alikuwa amelala kwenye dirisha lake, paji la uso limegusa kioo. Miaka minne dunia yake ilikuwa duka la mkate na kituo cha tramu. Sasa kila dakika aliita: "Sevgül, umeona? Sevgül, korongo hao!" Nilikuwa naona. Sikujua tena kama natazama korongo au namtazama yeye.

Tulipopita Tatvan ziwa likafunguka upande wetu wa kulia, la buluu isiyoaminika, na ng'ambo yake hakuna kitu.

"Mama, ziwa lako," nikamwambia.

"Ziwa ni lenu nyinyi wa Eskişehir. Sisi tunaita bahari."

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikiwa mimi kwenye usukani na mlima Süphan ukiwa mweupe kushoto, mashine ya oksijeni ikapiga mlio. Mlio ule nausikia hata nikiwa nimelala. Halafu ikanyamaza, na kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

Tahsin alikuwa ameshamwekea Mama mrija wa mtungi wa akiba kabla sijasimamisha gari. Mtungi ule mdogo tulikuwa tumeshautumia kidogo kidogo kila tulipomshusha Mama kujisaidia. Akafunua benchi. Harufu ya kuungua ikatoka. Akaingiza kichwa humo, kisha akajitoa na kukaa sakafuni.

"Shaba imeota kijani," akasema. "Maji yameingia. Yamekaa humu siku nne yakila."

"Maji gani?"

Akaniangalia. Tukaelewa wote wawili kwa pamoja.

"Beseni la Mürüvvet," akasema. "Nitampigia simu. Nitampigia sasa hivi nimwambie!"

"Usimguse dada yako," Mama akasema kutoka kitandani. "Aliniombea dua."

"Amekuombea dua kisha akakuzamisha, Mama!"

"Na dirisha aliliacha wazi nani?" Mama akamjibu, kisha akanigeukia mimi. "Haya. Maji yakimwagika hayazoleki. Bibi arusi, endesha."

Miaka thelathini ananiita bibi arusi, hata siku nilipopata wajukuu.

Nikaangalia mshale wa mtungi. Hewa ya saa moja na nusu, tukiwa na bahati, na kule juu hewa ni nyepesi kuliko kwetu. Nikaendesha. Tahsin alikuwa nyuma na bisibisi, anasugua, anapuliza, anatukana kwa sauti ya chini. Kila nilipomtazama kwenye kioo niliona anachojua tayari, kwamba hakifufuki.

Tulipofika njia panda ya Erciş kulikuwa na vibao viwili. Hospitali kushoto. Mto kulia.

"Kata kushoto," Tahsin akasema.

"Wakinipata hospitali watanilaza," Mama akasema. Alikuwa anaongea maneno matatu, anapumzika, maneno matatu tena. "Watanipima. Watasema huyu hasafiri. Mtanirudisha kwa ndege. Samaki nitawaona lini?"

"Mama, unapumua kwa chupa!"

"Na wewe ulinyonya kwa chupa. Hukufa."

Nilikuwa nimesimamisha gari katikati ya njia panda, lori nyuma yangu linapiga honi. Nataka niseme ukweli: niliogopa. Kama ningekosea, yangekuwa mauti, na yangekuwa juu yangu, mkwe, si juu ya mwanawe. Lakini nimepika jikoni na mashine ile pembeni yangu kwa miaka minne, na niliijua haja yake. Nikakata kulia.

"Sevgül! Hospitali ni kushoto!"

"Nimeona kibao. Kilichokufa ni kidude chako, si mapafu yake. Hahitaji daktari, anahitaji soketi."

"Na ukikosa soketi?"

"Hospitali haihami. Tutageuza."

Pale mtoni kuna banda la chai. Mwenyewe anaitwa Fesih, mtu mnene mwenye masharubu, na alipoona naruka kutoka garini na mashine mikononi hakuuliza habari ya chai. Akachomoa waya wa friji yake ya soda, akanionyesha soketi. Mashine ikakoroma. Tulimshusha Mama, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, tukambadilishia mrija. Rangi ya midomo ikarudi. Tahsin akaegemea ukuta, akafunga macho.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya, Mama. Umefika. Tazama mto wako."

Kutoka bandani mto ulikuwa chini ya mteremko, hatua zaidi ya mia. Matope ya mvua ya jana, basi lisingeshuka. Ulionekana mstari unaong'aa, na juu yake shakwe wanazunguka.

Mama akatazama. "Naona ndege," akasema. "Ndege hata Eskişehir wapo."

"Mama, usinifanyie hivi."

"Sijafanya kitu. Nasema naona ndege."

Fesih alikuwa amesimama na sinia ya vikombe, anautazama mrija, anautazama mto. "Bibi ni wa wapi?"

"Wa hapa," Mama akasema. "Wa hapa hapa, kabla hujazaliwa." Kisha akamwambia anachotaka.

Fesih akaweka sinia chini. "Mimi nina waya wa ekstensheni wa mita kumi," akasema. "Jirani yangu muuza mikate ya simiti ana mwingine."

"Haitafika," Tahsin akasema.

"Ndugu yangu, huu ni msimu wa samaki. Kila banda hapa lina waya." Akatoka nje, akaweka mikono mdomoni, akapiga ukelele ambao nadhani ulivuka ziwa.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Walianza kuja. Muuza simiti na waya mweupe. Mwanamke wa mahindi ya kuchemsha na waya wa rangi ya chungwa uliojifunga mafundo, akiufungua huku anatembea. Wawili kutoka kwenye nyumba za juu, wamevaa kandambili. Imamu akatuma ule wa msikitini, wa kusafishia mazulia. Mtu wa kukodisha vipaza sauti vya harusi akaleta roda nzima ya waya, nene kama kidole gumba. Hakuna aliyeuliza sisi ni nani. Waliuliza tu: "Bibi yuko wapi?" wakienda kumbusu mkono, kisha wakaweka waya wao chini kwenye rundo.

Tahsin alitazama lile rundo kama mtu anayetazama nyoka.

"Haiwezekani," akaniambia pembeni. "Umeme utafika umechoka. Viungo kumi kwenye matope! Kamba hukatikia pabovu, Sevgül, na hapa kila mahali ni pabovu. Vitu vya watu, sijui vimefungwa na nani."

"Hujui," nikamwambia. "Lakini wewe ndiye fundi. Wao wameleta, wewe chagua."

Alisimama. Miaka thelathini na moja karakanani na hajawahi kuazima bisibisi. Kisha akapiga magoti kwenye matope mbele ya watu wote, akaanza kuushika waya mmoja mmoja, kuunusa, kuukunja. "Huu hapana. Huu hapana, mama, samahani, huu utawaka moto. Huu safi. Roda ya harusi ianze bandani, ndiyo nene. Nani ana mifuko ya mkate?" Watu wakakimbilia mifuko. Kila kiungo akakivika mfuko na kukifunga, akakiinua juu ya jiwe au kreti ya soda. Fesih akashika nyuma yake kama mwanafunzi. Waya ulishuka mteremko, mweusi, mweupe, wa chungwa, mwekundu, waya tisa, kutoka kwenye soketi ya friji hadi ukingoni. Niliutazama nikasahau kufumba mdomo. Nilikuwa nimestaajabia milima siku nne, lakini milima iliwekwa na Mungu. Huu walikuwa wanauweka watu, na kwa ajili ya mwanamke ambaye dakika ishirini zilizopita hawakumjua.

Kiungo cha mwisho kilikuwa kibovu. Plagi ililegea, ukiiachia mashine inakufa. Soketi nyingine hapakuwa nayo.

"Nitaishika," Tahsin akasema. Akachuchumaa ukingoni, akakishika kile kiungo kwa mikono yake miwili, akakibana. Mama alikuwa amerudishiwa mtungi, na mashine tuliyoishusha ikakoroma juu ya kreti pembeni yake. "Mleteni."

Fesih na wengine watatu walimbeba Mama na kiti chake, na mimi nikabeba mtungi. Waliposhuka hatua za mwisho nikasikia sauti ambayo sikuielewa, halafu nikaona.

Hapo mto unapita juu ya ngazi ya mawe, kimo cha kiuno cha mtu. Chini ya ngazi ile maji hayakuonekana. Walikuwa samaki. Fedha tupu, urefu wa kiganja, maelfu, wamebanana mgongo kwa mgongo, vichwa vyote upande mmoja. Na kutoka katika wingi ule walikuwa wanaruka. Mmoja, kumi, hamsini, bila kukoma, kama mvua inayonyesha kutoka chini kwenda juu. Walipiga jiwe, wakaanguka, wakaruka tena. Shakwe walikuwa wanawadaka hewani na waliobaki hawakujali. Niliona mmoja akianguka mara saba. Mara ya nane alifika juu, akatulia kidogo kwenye maji membamba, mbavu zinatanuka na kusinyaa, kisha akatoweka kuelekea milimani. Nilisema "Subhanallah" nikasikia watu wa huko, ambao wanaliona jambo hili kila mwaka, wanaitikia kwa sauti ndogo. Hawajalizoea.

"Bibi, kuwashika ni marufuku msimu huu," Fesih akamwambia Mama. "Kuna faini."

"Mimi siwashiki. Wao ndio watanishika."

Wakaweka kiti pembeni, maji yanapofika nusu ya muundi. Nikamvua soksi. Miguu yake ilikuwa myeupe, myembamba, na mishipa ya buluu. Mrija ulinyooka nyuma yake hadi kwenye mashine, na kwenye mashine waya, na kwenye waya mikono ya mwanawe. Akaiteremsha miguu majini.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimemshika mkono, nami nikatazama chini, nikaona wanamgonga. Walikuja na kichwa, wakapiga muundi, wakageuka, wakapita. Mmoja baada ya mwingine, kisha kundi zima, wanamgawanyikia kana kwamba alikuwa jiwe la mto siku zote.

Mama akacheka. Kicheko kilikuwa cha msichana na kilimtoka chote kwa mara moja, kisha hewa ikamwishia. Kifua kikaanza kupanda na kushuka, mdomo wazi, mabega yanainuka. Nikashikwa na woga.

"Mtoe! Sevgül, mtoe majini!" Tahsin akapiga kelele ukingoni, hawezi kusogea, maana akiachia mikono mashine inazima.

Nikamshika Mama kwapani. Akanipiga mkono, kofi halisi, la nguvu.

"Niache," akasema. Neno moja, pumzi, neno jingine. "Niache niheme. Watazame hao. Nao wanahema." Akavuta hewa. "Miaka minne nahema kwa kukaa kwenye kochi. Leo angalau nahema kwa kitu."

Nikamwachia, na pumzi ikamrudia polepole. Tulikaa hapo hadi jua lilipopita juu ya banda, yeye kwenye kiti na miguu majini, mimi nimesimama pembeni yake, Tahsin ukingoni bila kuachia kiungo, na samaki wakiendelea kutupita.